Ule Mmea wa Miiba kutoka Nanyuki: Tupande au Tung'oe?

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Msikilizaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei, mkimbizi na mwenyeji. Na wewe unayesoma nakala hii iliyobandikwa ubaoni, karibu pia. Maneno ni yale yale, ila wewe umekosa muziki.

Wiki hii simu ya kipindi imepokea jumbe nyingi juu ya jambo moja. Nasoma mbili tu. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Kakuma 3: "Mtangazaji, mume wangu ameletewa na dereva wa lori vipande sita vya kaktasi, anataka kuzungushia nyumba kwa sababu ya wezi. Jirani anasema ni sumu. Tupande au tutupe?" Ya pili ni ya kijana wa Kalobeyei: "Nilipanda ua wa kaktasi mwaka jana. Sasa mbuzi wa mwenyeji amechomwa mdomoni, mwenye mbuzi anataka nimlipe. Mbuzi hakuingia kwangu, alikuwa nje. Nina kosa gani?"

Mama, jibu la swali lako ni msipande, na wala msitupe. Hilo la pili ndilo wengi hukosea, kwa hiyo bakieni nami niwaeleze sababu. Kijana wa Kalobeyei, wewe nitakufikia baadaye. Swali lako ni zito zaidi kuliko unavyodhani.

Lakini kwanza niseme ukweli. Mimi pia niliupanda mmea huu. Rafiki yangu anayepakia viazi kwenye malori aliniletea vipande vitatu kutoka Nanyuki, nikavichomeka nyuma ya jiko la shangazi. Nilivimwagia maji ya kuoshea vyombo. Vilishika haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda hapa, nami nikajiona mkulima. Viliporefuka nikachukua panga, nikakata ncha ili ua uwe sawasawa, vipande nikavitupa nyuma ya choo. Baada ya mvua nilikuta mimea kumi na moja nyuma ya choo, na mmoja mtaroni. Mtoto wa jirani ndiye aliyenionyesha ule wa mtaroni, kwa unyayo wake.

[Muziki mfupi.]

Tuutambue kwanza, maana watu wanachanganya. Wengi wetu husema kaktasi. Kwenye vitabu utakuta dungusi, au dungusi kakati. Wapo wa aina nyingi. Ule wenye vipande bapa kama chapati zilizounganishwa, unaozaa matunda mekundu au ya manjano, ni mpungate. Ndugu zetu kutoka Tigray na Eritrea wana mpungate wao wa matunda, wanauita beles, na msimu ukifika watoto huuza matunda yake barabarani. Huo si ninaouzungumzia leo.

Wa leo ni kichaka. Matawi yake ni ya mviringo, ya kijani kibichi, manene kama mkono wa mtu mzima, yamesimama wima. Ukiuacha unafika mita 3 au 4. Una kitu ambacho dungusi wengi hawana: majani. Si mapana, ni kama vijiti vya kijani vilivyochongoka, vinaweza kupita urefu wa kidole, na hubaki kwenye tawi muda mrefu. Kando ya kila jani kuna kidoa cheupe, na kidoani hutoka miiba michache, mmoja hadi minne hivi, ya rangi ya manjano hafifu, na mrefu kabisa hufika sentimita 8. Ua lake ni jekundu. Wataalamu wa mimea huuita Austrocylindropuntia subulata. Usihangaike kulikariri. Neno la mwisho ndilo lenye maana kwetu: linatokana na neno la Kilatini la msharasi, ule wa fundi viatu, kwa sababu ya umbo la majani.

Na sumu? Jirani yako, mama, nadhani anauchanganya na mnyaa. Kwetu Kongo na Burundi watu wengi tumeona nyua za mnyaa, vile vijiti vya kijani visivyo na miiba. Ukivunja mnyaa, maziwa meupe yanatoka, na maziwa hayo yakiingia jichoni ni hatari kweli. Dungusi huyu ukimkata hatoi maziwa, hutoa maji ya kuteleza. Basi kipimo ni rahisi: maziwa meupe, si dungusi huyu. Mnyaa ni wa Afrika tangu asili. Jamii ya dungusi karibu yote asili yake ni bara la Amerika. Yuko mmoja tu anayeota porini Afrika bila kuletwa na mtu, naye ni mwembamba, huning'inia juu ya miti ya msituni.

Kwa hiyo huyu wetu ni mgeni. Kwao ni Peru, nchi ya Amerika ya Kusini, kwenye safu ya milima ya Andes. Usifikirie milima ya kijani kama ya kwetu Kivu. Upo upande wa Andes wenye mabonde makavu na miteremko ya mawe, ambako mvua ni ya miezi michache, mchana jua linachoma na usiku kuna baridi ya kutetemesha. Hapo ndipo dungusi huyu alipozaliwa, na ukielewa maisha ya kule utaelewa kwa nini hapa hafi.

Nilipokuwa kidato cha tatu hapa kambini mwalimu alitufundisha kwamba majani yana vitundu vidogo sana. Mmea hufungua vitundu hivyo mchana ili kuvuta hewa ukaa ya kutengenezea chakula. Tatizo ni kwamba hewa ikiingia, maji nayo yanatoka. Mahali pakavu, kufungua mchana ni kama kuacha jerikeni wazi juani. Dungusi hufanya kinyume. Mchana hufunga. Usiku, jua likishazama na hewa ikipoa, hufungua, huvuta hewa yake na kuiweka akiba ndani ya shina, kisha kesho yake mchana hutengeneza chakula huku milango imefungwa. Hii ndiyo sababu anapenda mahali penye usiku wa baridi. Mtu wa Laikipia anajua usiku wa Laikipia. Hapa Kakuma, hasa mwezi Februari, usiku wenyewe haupoi, lakini ukimpa maji ya vyombo anavumilia. Wangu walivumilia.

Shina pia ni tangi. Ngozi yake ni nene na ina nta, maji yaliyoingia hayatoki kirahisi. Tawi lililokatwa linaweza kulala chini miezi kadhaa bila mzizi na bila tone la maji, likanywea, ukadhani limekufa. Mvua ya kwanza ikilikuta, linaamka.

Sasa tufike kwenye vile vidoa vyeupe, maana siri yote iko pale. Tuviite macho, kama tunavyosema macho ya kiazi. Kwenye jicho hutoka mwiba. Lakini jicho hilo hilo likipata nafasi linaweza kutoa tawi, na likigusa udongo mizizi hutoka upande huo. Kipande cha urefu wa kiganja kina macho mengi. Kwa hiyo kikianguka chali, kifudifudi au ubavu, daima kuna jicho linalotazama ardhi na lingine linalotazama jua. Mihogo mnaijua: unakata kijiti, unapanda. Tofauti ni kwamba muhogo unakungoja wewe uupande. Huyu anajipanda mwenyewe.

Hata tunda lake ni hivyo hivyo. Ni la kijani, refu kidogo, na huku ugenini mara nyingi halina mbegu. Likidondoka linatoa mizizi na kuwa mmea mpya. Kwa hiyo ndege hahusiki sana hapa. Kwa mpungate, ndege na nyani na tembo hula tunda, wanasambaza mbegu kwenye kinyesi, huwezi kumzuia tembo. Kwa huyu wa leo, kinachosambazwa ni vipande. Vipande husambazwa na mtu mwenye panga, lori lenye dereva mkarimu, maji ya mafuriko, na mnyama aliyechomwa akatembea na kipande kimemning'inia. Ukiangalia orodha hiyo, nusu yake ni sisi.

Ndiyo maana alifika mbali. Huko Andes watu wamemtumia kama ua wa mashamba na nyumba. Watu wa nchi nyingine wakampenda kwa sababu ile ile, tena wengine wakamweka bustanini kama pambo. Leo amekuwa kero Afrika Kusini, Hispania na Australia. Mwaka 2012 Australia ilimwingiza yeye na ndugu zake katika orodha ya magugu mabaya kabisa ya nchi ile. Kenya yupo, na Laikipia ni mahali mojawapo ambapo ametoka kwenye nyua akaingia malishoni. Nyua zile zilipandwa na watu wenye akili timamu, waliotaka kuzuia wanyama na wezi, kama mume wako, mama.

[Muziki mfupi.]

Mtu ataniambia: wewe mtangazaji, ua wa miti mikavu unatuletea shida kila siku. Mama akitoka kukata matawi ya mathenge anagombana na wenyeji, na matawi yenyewe mchwa wanayala. Huyu dungusi haombi maji, haliwi na mchwa, na mwizi hathubutu. Kwa nini utunyime?

Sibishani na shida hiyo. Mimi mwenyewe ndiyo iliyonifanya nipande. Ila tumekaa Turkana miaka ya kutosha kuijua hadithi ya mathenge. Mti ule nao uliletwa Kenya kwa nia njema, miaka ya 1970 ulipandwa maeneo makavu ili kuwe na kuni, kivuli na kijani. Leo umeziba njia na kingo za laga. Kule Baringo wafugaji walifika hadi mahakamani Nairobi, miaka ya 2000, wakaishtaki serikali, na wakamleta mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Mbuzi mahakamani! Watu walicheka, lakini mwenye mbuzi hakuwa anacheka. Tena mathenge afadhali unapata kuni na mkaa. Dungusi kuni hana, ni maji matupu.

Mbuzi na ng'ombe ndio huumia kwanza. Miiba ya jamii hii ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ncha yake ina vijiti vidogo vinavyoelekea nyuma, kama ndoana. Kuingia ni rahisi, kutoka unavuta nyama. Kiangazi kikizidi, mbuzi anaona kitu cha kijani chenye maji, anajaribu. Mwiba unaingia kwenye midomo, ulimi, fizi. Mbuzi mwenye kidonda mdomoni hali, asipokula hatoi maziwa. Huko Laikipia wafugaji wameyaona haya miaka mingi kwa mpungate, ambao matunda yake yana vimiiba kama nywele vinavyoingia hadi machoni na matumboni mwa mifugo. Kwa mpungate ule waliletewa mdudu mdogo mweupe kama pamba anayefyonza maji yake hadi unakauka, na kuna sehemu amefanya kazi nzuri. Lakini wadudu hao huchagua sana chakula: yule wa mpungate aliletwa kwa mpungate. Usikae ukimngoja aje amle huyu wa nyuma ya jiko lako.

Kijana wa Kalobeyei, sasa nimekufikia. Unasema mbuzi hakuingia kwako, alikuwa nje. Naamini. Swali langu ni hili: kilichomchoma kilikuwa nje kwa njia gani? Ua wa matawi makavu ukianguka, umeanguka, unaurudisha. Ua wa dungusi ukigongwa na toroli au mpira wa watoto, kipande kinaruka, kinaota njiani kwa wenzako. Kama kipande kile kilitoka kwenye ua wako, mwenye mbuzi ana neno. Mimi si hakimu na redio si baraza, kwa hiyo kiasi cha kulipa sitasema. Nenda na mwenyekiti wa bloku, mkae na wazee wa upande wa wenyeji, mwende pamoja mkaangalie mahali penyewe. Ushauri wangu mmoja: kabla ya siku ya kikao, anza kung'oa, na mwenye mbuzi akuone uking'oa. Yule mzee hataki shilingi tu. Anataka kujua kama mwakani mbuzi wake atachomwa tena.

Na kung'oa kuna utaratibu wake. Mimi niliharibu mara ya kwanza, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Usifyeke kwa panga. Kila pigo linatengeneza mche. Chagua wakati wa kiangazi, udongo mkavu na hakuna mvua ya kuamsha vilivyodondoka. Vaa viatu vilivyofunika mguu, si ndara, na ushike kwa koleo au kwa gunia lililokunjwa mara nne; kitambaa chembamba hakisaidii kitu. Tandika turubai kuukuu chini kabla hujagusa tawi, ili kinachoanguka kiangukie hapo. Kata tawi moja moja kwa msumeno, liweke turubaini. Mwisho chimba shina na mizizi yake. Kisha pita tena chini ukiokota, hata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Watoto wasisaidie kazi hii, ingawa ndio wenye macho mazuri.

Ulivyovikusanya usivipeleke laga. Najua laga ndiyo jalala letu. Tarach ikishuka na maji itavibeba na kuvipanda huko chini, kwenye malisho ya watu ambao hatujawahi kusalimiana nao. Usivitupe chooni wala kwenye shimo la takataka lililo wazi. Njia zipo mbili. Ukiweza, chimba shimo refu, kina kisichopungua mita moja, fukia na ushindilie. Au viache juu ya bati lililoinuliwa, visiguse udongo, mbali na watoto, hadi vikauke kabisa vikatike kama kijiti, kisha uchome moto. Vikiwa vibichi haviungui, vinachemka tu. Nilijaribu, nikamaliza kuni za shangazi za siku mbili na bado akanisema hadi usiku.

Halafu rudi kuangalia baada ya kila mvua. Mimi nilirudi mara nne. Mara ya nne ndipo sikukuta kitu.

Kama umechomwa: usikamue. Shika mwiba kwa kibano karibu na ngozi, vuta kwa kuunyoosha njia ile ile ulioingilia, usiupindishe, maana ncha hukatikia ndani. Osha kwa maji na sabuni. Nenda kliniki ukaulize kuhusu sindano ya pepopunda, hasa kama huikumbuki ya mwisho. Kama mwiba umeingia kwenye kiungo, au mahali pamevimba na kuwa moto, usikae nyumbani ukisubiri. Na ukiingia jichoni, usiuguse kabisa. Funika jicho bila kulibana, umpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

[Muziki mfupi.]

Mama wa Kakuma 3, vipande vyako sita bado viko wapi? Kama viko chini, viinue sasa hivi, uviweke juu ya bati kama nilivyosema. Mwambie baba watoto hatumcheki. Wezi ni wa kweli. Ua mwingine upo. Matawi makavu ya mathenge bado ndiyo mazuri kwetu, mti wenyewe umezidi na kuukata ni faida kwa malisho, mradi mkubaliane na wenyeji mahali pa kukata, na viongozi wa bloku waende mbele, si mama mmoja mmoja na panga lake. Mnaweza pia kuwauliza wazee wa Kiturkana ni miti gani ya hapa hapa huota kwa kuchomeka kijiti. Ipo, na wao wanaijua kwa majina.

Neno langu jingine ni kwa wale wanaofikiria kurudi Burundi au Kongo siku moja. Najua mtu akirudi hataki kwenda mikono mitupu. Anabeba mbegu, anabeba miche. Nimesikia kijana mmoja akisema dungusi huyu angefaa sana kwa nyua za ng'ombe huko milimani, juu ya Fizi na Uvira. Angefaa, ndiyo, na hapo ndipo ninapoogopa. Kule usiku ni baridi, mawe yapo, ng'ombe wapo. Angefika kama amerudi kwao. Shangazi yangu alizaliwa juu kule, na alipoona vile vitatu vya kwangu vimeshika alisema neno moja tu: "Hivi visije vikapanda gari nasi."

Madereva wa malori, mnaotusikiliza njiani kutoka Kitale hadi hapa: leteni viazi, leteni kabeji. Mkiletewa vipande vya kijani vyenye miiba mvipeleke "kwa rafiki wa Kakuma", viacheni huko huko.

Namba ya kipindi ni ile ile mnayoijua. Kama una dungusi huyu kwenye bloku yako, tuma ujumbe, sema bloku tu, jina si lazima. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mimi na vijana wachache tutaanza na ule mtaro wa nyuma ya kwetu. Koleo tunazo mbili. Mwenye koleo ya tatu aje nayo.

[Muziki wa kufungia.]